Kilicho Chini ya Mkeka

Mama akienda sokoni kununua mkeka hutazama mambo mengi. Hutazama rangi, huukunja pembeni aone kama umeshonwa vizuri, huuliza bei, hununa, huondoka, hurudi tena. Ni haki yake, maana fedha ni yake. Lakini twauliza: je, ni nani kati yetu ambaye kabla ya kuutandika mkeka huo hufikiri utakaa juu ya nini? Leo, wasomaji wapenzi, twataka kusema habari za tandiko la chini, yaani kile kitu kinachowekwa kati ya mkeka na ardhi, ambacho mgeni hakioni na mwenye nyumba hukisahau. Wengine watacheka. Na wacheke, ila wasiache kusoma.

Kwetu Wamaza, na katika nchi yote ya Kasongo na Kabambare, vitanda vipo. Hatusemi kwamba watu wote hulala chini. Lakini hesabuni wenyewe: nyumba ina kitanda kimoja au viwili, na watu ni wanane. Baba na mama kitandani, bibi kitandani kwa sababu ya uzee wake, na watoto je? Watoto chini. Akija shangazi na watoto wake, chini. Wakija jamaa waliokimbia kijiji chao kwa sababu ya vita, na katika miaka hii wamekuja wengi, nao chini, mmoja karibu na mwenzake kama samaki katika kikapu. Basi usiku ukiwa mkubwa nusu ya nyumba, au zaidi, imelala juu ya mkeka. Wale ndio tunaowafikiria tunapoandika haya.

Adui wa kwanza wa anayelala chini ni unyevu. Ardhi yapumua. Hata sakafu iliyopigwa ikawa ngumu kama jiwe hupandisha maji kidogo kidogo kutoka chini, hasa tangu mwezi wa tisa, mvua zinapoanza, mpaka mwezi wa tano. Mwili wa mtu ni wa moto, ardhi ni ya baridi, na mkeka ulio katikati hunywa maji ya pande zote mbili: jasho kutoka juu na unyevu kutoka chini. Baada ya majuma machache wauona umeota madoa meusi upande wa chini na kunuka uvundo. Mkeka huo haukufa kwa kuzeeka. Umeoza. Na mtoto aliyelala juu yake amekohoa majuma hayo yote, nasi twasema ni baridi ya usiku tu.

Adui wa pili ni wanyama wadogo, na hapa lazima tukae kidogo, maana jambo hili limeandikwa katika historia ya Kasongo yetu.

Mwaka 1903 madaktari wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool, huko Uingereza, walikuja Kongo kuchunguza ugonjwa wa malale. Wawili kati yao walikuwa Dutton na Todd. Walipanda mto mpaka huku kwetu Maniema. Njiani waliona mambo mengi ambayo hawakutumwa kuyatafuta. Moja lilikuwa funza wa ajabu, buu jeupe lisilo na miguu, likaalo ndani ya vumbi na nyufa za sakafu, chini ya mikeka. Usiku hutoka, humuuma aliyelala, hunywa damu mpaka tumbo lake likawa jekundu, kisha hurudi mafichoni kabla mtu hajaamka. Mama yake ni inzi. Inzi huyo hutaga mayai katika mchanga wa nyumba, na mahali apendapo ni pale penye kivuli, pasipofagiliwa, yaani chini ya mkeka usioinuliwa. Habari zake Dutton na wenzake walizichapisha mwaka 1904. Buu hili halijulikani kuleta ugonjwa mwingine, ila hunyima watu usingizi na kuwaachia alama zinazowasha. Nalo lina udhaifu mmoja mkubwa: haliwezi kupanda. Kitanda kilichoinuka kidogo tu kutoka chini hulishinda.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Ni papasi. Wazee wetu waliosafiri na misafara walimjua mdudu huyu kabla ya madaktari. Walijua kwamba ukilala katika vibanda vya zamani vya njiani utaumwa, na baada ya siku chache utapata homa. Papasi huishi katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Hutoka gizani, hunyonya polepole, hurudi. Aweza kukaa bila chakula mwaka mmoja, miwili, na zaidi, akingoja tu. Homa yake ina hila: yakamata siku kadhaa, yaondoka, mgonjwa anashukuru na kurudi shambani, kisha baada ya juma moja hivi yarudi, na tena, na tena. Dutton na Todd walionyesha kwamba papasi ndiye mwenye kuipeleka homa hiyo, na kwamba hata papasi wachanga waliotoka katika mayai ya mama mwenye ugonjwa huzaliwa nao. Wote wawili waliugua. Todd alipona. Dutton alikufa hapa Kasongo, tarehe 27 mwezi wa pili mwaka 1905, akiwa bado kijana, kazi yake haijachapishwa. Mwaka ule ule Koch, mtaalamu mkubwa wa Ujerumani, aliona mambo kama hayo katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Vijidudu vya homa ile vikapewa jina la Dutton, na vinaitwa hivyo mpaka leo.

Twasimulia haya si kwa kutisha watu. Siku hizi homa ya papasi ina dawa, na hospitali yenye darubini yaweza kuviona vijidudu vyake katika damu. Lakini kwa mama mwenye mimba ni homa ya hatari sana, yaweza kuitoa mimba au kumwua mtoto mchanga. Tena ni vema kujua kwamba papasi alisafiri pamoja na misafara akiwa amejificha ndani ya mikeka na matandiko ya wasafiri. Basi mkeka unaoletwa na mgeni, au ununuliwao mkuukuu, usiingie ndani kabla ya kukung'utwa nje na kupigwa na jua. Mgeni hatakasirika kama mkeka wa nyumba umekwisha kutandikwa kwa ajili yake.

(Kuna yule mwingine tunayemwita funza, anayeingia katika vidole vya miguu. Huyo hakuwa wa kwetu. Alivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini, akashuka katika pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameivuka Afrika mpaka bahari ya mashariki. Livingstone alipokaa Kabambare mwaka 1870, miguu ikimwuma kwa vidonda, walau funza hakuwa katika hesabu ya taabu zake. Naye funza hupenda vumbi kavu la chini ya matandiko.)

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike. Katika ukoo wetu alikufa ndugu mmoja, akamwacha mke na mimba ya miezi sita. Matanga yakakaa. Kama ilivyo desturi, watu walilala chini katika nyumba ile ya udongo, wanaume nje penye moto, wanawake ndani, na mjane katikati yao juu ya mkeka uliotandikwa juu ya ardhi tupu. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja na mvua ilinyesha kila siku. Usiku wa tatu mjane aliamka mara nyingi akijikuna. Asubuhi tuliuinua mkeka wake, tukaona sakafu imelowa kama udongo wa mfinyanzi, na katika ufa mmoja tukakuta mabuu mawili yaliyojaa damu.

Tukasema na tumwekee tandiko. Papo hapo neno likawa kubwa. Shangazi, dada ya marehemu, alisema: «Mjane hulala chini. Mkimwekea magodoro, watu watasema mume wake alikuwa si kitu.» Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akilinda heshima ya ndugu yake, na machozi yalikuwa bado machoni pake. Mwingine alisema tandiko si godoro. Mwingine akajibu kwamba leo ni tandiko, kesho ni godoro, kesho kutwa ni kitanda. Sisi tulitazama tumbo la yule mama, tukanyamaza kwanza, maana katika matanga si kila mtu mwenye ruhusa ya kusema.

Mwishoni walikwenda kumwuliza baba mkubwa. Baba mkubwa aliuliza swali moja tu: «Zamani, mjane alipokuwa akilala chini, walitandika nini?» Bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa amelala kando ya ukuta na ambaye tulidhani hasikii, akajibu kwamba wakati wa utoto wake walitandika majani makavu kwanza, tena mengi, na juu ya majani ndipo mkeka. «Kulala chini ni kutolala kitandani,» alisema. «Nani aliwaambia ni kulala katika maji?» Shangazi hakujibu. Alitoka nje, na baada ya kitambo alirudi na mzigo wa majani makavu ya mpunga kichwani, akayatandika yeye mwenyewe kwa mikono yake. Mtoto alizaliwa mwezi wa pili, msichana, akapewa jina la shangazi huyo.

Basi, tandiko gani lafaa? Yategemea sakafu.

Kama sakafu ni ya udongo, kazi huanza na sakafu yenyewe. Zibeni nyufa kwa udongo laini uliokandwa vizuri, na pakeni upya sakafu nzima mwanzo wa kiangazi, mwezi wa sita, ipate kukauka. Mahali penye wadudu mwageni kwanza maji yanayochemka katika nyufa, siyo ya uvuguvugu. Wenye ng'ombe katika nchi nyingine huchanganya udongo na samadi. Sisi ng'ombe wetu ni wachache, udongo wa kichuguu watosha, nao hushikamana vizuri. Wazee hunyunyiza majivu makavu kabla ya kutandika. Si dawa ya kila kitu, lakini vumbi la majivu wadudu wengi hawalipendi, na majivu ni bure.

Juu ya hapo, majani ya mpunga ni tandiko jema kuliko watu wanavyodhani. Tangu wafanya biashara wa pwani walipouleta mpunga Maniema katika karne ya 19, nchi yetu imekuwa nchi ya mchele, na kila mavuno majani hutupwa au huchomwa. Chukueni yaliyokauka kabisa, mavunjeni mkononi: yakikatika kwa sauti, ni makavu, yakijikunja, bado. Kung'uteni punje zote zilizobaki, maana punje moja huita panya, na panya huita nyoka. Tandikeni unene wa kiganja kilicholazwa ubavu. Usiku wa kwanza yatashuka mpaka nusu. Majani ya migomba ni laini, lakini huvunjika upesi na mende huyapenda. Basi yawe ya siku chache tu, wakati wa wageni.

Mwenye gunia na ashone tandiko hasa. Gunia la katani au la juti hupitisha hewa, nalo ni bora kuliko lile la nailoni. Jazeni pumba za mpunga au sufi, kisha pitisheni nyuzi kutoka juu mpaka chini, umbali wa shibiri, vitu vya ndani visikimbilie upande mmoja. Lakini ulizeni kwanza gunia lilibeba nini. Gunia la chumvi huvuta maji kutoka hewani, na litalowa hata katika nyumba kavu, msipolifua mara mbili au tatu. La sukari ni karamu ya sisimizi. Lililomwagikiwa mawese halisafishiki, na mende watahamia humo. Gunia la dawa ya shamba, au la mbegu zilizopakwa dawa, lisiingie nyumbani kabisa, hata likifuliwa, hata kama ni zuri.

Watu wengi wana turubai la plastiki, au bashi kama tusemavyo, nao hulitandika chini ya mkeka na kudhani kazi imekwisha. Ni kweli, plastiki huzuia maji ya ardhi. Lakini huzuia pia jasho lisishuke. Jasho hukutana na baridi ya chini, hugeuka matone, na mkeka waoza vilevile. Kwa hiyo bashi liwe chini kabisa, juu yake majani au gunia, na juu ya hayo mkeka. Na kila asubuhi yote yainuliwe. Pasipo kuinua, plastiki ni afadhali isiwepo.

Sakafu ya simenti ina shida nyingine. Wadudu hawana nyufa za kujificha, ni kweli, ila simenti ni baridi sana usiku, tena ni ya kuteleza. Simenti iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa nta hung'aa kama kioo, na mkeka uliowekwa juu yake ni mtego. Mzee hukanyaga pembe, mkeka hukimbia, naye huvunjika nyonga. Tumeona, na mzee wa namna hiyo mara nyingi hasimami tena. Hapa tandiko linatakiwa lishike, si liwe laini tu. Gunia la juti lililo wazi na kavu hushika kiasi. Kinachoshika zaidi ni mpira: chukueni mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli uliokwisha kazi, uchaneni kuwa vipande, mshone katika pembe nne za gunia na kipande kimoja katikati. Kwa fundi wa baiskeli mipira ya namna hiyo hutupwa. Ila mpira ulioachwa muda mrefu mahali pamoja huacha doa jeusi juu ya rangi, basi mwusogeze kila juma, na nta isipakwe pale penye mkeka.

Ukubwa? Tandiko liwe dogo kuliko mkeka, upana wa vidole viwili kila upande, ili kingo za mkeka zilale chini zenyewe. Tandiko likizidi mkeka hukamata vumbi na miguu ya watu. Na unene? Hapa wengi hukosea kwa upendo: wataka liwe laini mno. Kwa kulala sawa, liwe nene. Lakini mkeka wa sebuleni, unaopitiwa na watu mchana, ukiwa juu ya kitu laini hubonyea kila hatua, na majani yaliyosukwa hukatika pale yanapokunjika. Bonyezeni tandiko kwa dole gumba. Kidole kikigusa sakafu upesi, tandiko hilo halikusaidii kitu, na kikizama kama katika unga wa muhogo, mkeka wenu hautamaliza mwaka. Watu wa pwani na Unguja walijua hesabu hii zamani: chini hutandika jamvi, lililosukwa kwa nguvu na bila mapambo, na juu yake mkeka mwembamba wa rangi. Jamvi huumia kwa niaba ya mkeka.

Kulitunza ni kazi ya kila siku, nayo ni fupi. Asubuhi inueni mkeka na tandiko, viegemezeni ukutani au kwenye kamba, sakafu ipate hewa. Nyunyizeni maji kidogo ndipo mfagie, vumbi lisiruke. Mara moja kwa juma lipigeni tandiko kwa fimbo, nje, mbali na mlango. Lianikeni juani tangu asubuhi mpaka alasiri, likigeuzwa mara moja. Mkeka wenyewe usikae juani siku nzima, maana hukauka mno na kukatika, asubuhi yatosha. Majani ya mpunga yabadilishwe kila mwezi wakati wa mvua, na yale ya zamani yachomwe, yasitupwe nyuma ya nyumba. Magunia yafuliwe kwa maji yanayochemka. Vitu visivyotumika vikunjwe kwa kuviringishwa, kamwe si kwa kupiga pembe nne, na vifungwe juu darini penye moshi wa jiko. Na chandarua, kwa wale wanaolala chini, kipindwe chini ya tandiko, si chini ya mkeka tu, maana mtoto akigeuka usiku huuvuta mkeka, lakini tandiko zito hubaki mahali pake.

Shangazi tuliyemtaja yu hai, na mtoto mwenye jina lake amekwisha kuanza shule. Mwaka jana alitumwa kwetu achukue magunia mawili. Tulimwuliza ni ya nini. Akasema shangazi amesikia msiba kijiji cha pili, naye yuataka kwenda na tandiko tayari mgongoni, asije akakuta watu wanabishana.